Gari Zima Kabisa, Njooni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mara mbili kabla ya saa nne asubuhi, na sikuwa nimeshika hata spana. Nilikwenda nimevaa shati jeupe, hilo kosa la kwanza. Kosa la pili ni kwamba nilikuwa nimelelewa vizuri. Mama yangu alinifundisha kuwa kijana akiingia mahali pa watu huanza kwa kusalimia, tena hasalimii nusunusu. Basi nilipofika ile gereji ya Gongoni, pale Tabora mjini, nikamkuta Mzungu ndani ya gari, langoni kabisa, injini inanguruma, kashika usukani kwa mikono miwili na jasho linamtiririka. Nikasogea dirishani, nikainamisha kichwa.

"Habari za asubuhi, Bwana? U mzima?"

Kiswahili chake yule Mzungu alikisoma kitabuni. Katika maneno yangu yote alidaka moja tu. "Zima?" akauliza, macho yamemtoka.

Mimi nikadhani ananirudishia salamu. "Ndiyo, Bwana! Mzima!" nikamjibu kwa furaha zote.

Akazima.

Kisha sauti ikatoka uvunguni mwa lori moja: "Nani kazima? Nasema, nani kamwambia azime?" Akatoka mtu mfupi, grisi imempanda mpaka kwenye nyusi. Huyo ndiye Fundi Saidi, fundi mkuu wa gereji, aliyenifundisha kazi yote ninayoijua na matusi yote nisiyoyasema mbele ya wajukuu. Akanitazama kuanzia shati hadi viatu. "Ni wewe?" Nikasema ni mimi, shikamoo. Hakuitikia marahaba mpaka kesho yake.

Gari lile lilikaa langoni mpaka adhuhuri. Malori mawili ya tumbaku yalishindwa kuingia na la tatu lilishindwa kutoka. Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye gereji, Mhindi mzaliwa wa Ujiji mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, alitoka ofisini akanifukuza. Akarudi ndani, akasikia honi za malori, akatoka akanifukuza tena. Mara zote mbili Fundi Saidi alimwambia, "Muache, Tajiri. Aliyesababisha ndiye atakayesukuma." Nikasukuma. Hivyo ndivyo mimi, Zakaria Mihayo, nilivyopata ajira katika Tanganyika ya Waingereza.

Ninyi vijana wa siku hizi mnachomeka waya kwenye gari, kioo kinawaka, kinawaambia linaumwa wapi. Hongereni. Sisi tuliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini tukauweka sikioni, tukasikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Fundi Saidi alikuwa anajua kwa sikio kama ni vali inayogonga au ni beringi. Alinipiga kibao kila nilipokisia, maana alisema fundi anayekisia ni mganga wa kienyeji, aende zake akafuge kuku weusi.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa saluni ya Ulaya, rangi ya maziwa, milango yake ya mbele ikifunguka kinyume, na lilikwisha kupita kwa mwenyewe mwingine huko Nairobi kabla ya kushuka kwetu. Jina la kiwanda sitalitaja. Waliolitengeneza walilitengenezea nchi ya baridi, hawakujua kama litakuja kuota jua la Unyamwezi. Sisi gereji tulimwita Bibiye, kwa kuwa alibembelezwa. Asubuhi, akiwa amepoa, alikuwa malaika: unagusa ufunguo, anaitika. Lakini akishatembea akachemka, ole wako umzime. Petroli ilikuwa ikichemka ndani ya bomba lake, ikageuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta, yaani pale inapochanganyika na hewa. Mvuke ukishaziba njia, piga hendeli, yale mateke ya chuma ya kuzungushia injini, mpaka mkono ung'oke, hapigi hata chafya. Dawa zilikuwa mbili tu: kumngoja apoe, au kuifunga pampu ya petroli kwa kitambaa kilichoroa, mvuke urudi kuwa petroli. Kwa hiyo kanuni ya Bibiye ilikuwa moja. Ukishamwasha, usimzime mpaka umefika.

Na tangu siku ile ya shati jeupe, neno "zima" likapigwa marufuku gerejini. Salamu ikawa "salama?" Gari lililotengenezwa likawa "kamili." Mtu akija kutoka Nzega akasahau akauliza, "Jamani, wazima?" mafundi wote waligeuka kutazama Bibiye yuko wapi na nani kashika ufunguo.

Yule Mzungu alikuwa ofisa wa serikali wa mambo ya asali, watu wakimwita Bwana Nyuki. Kazi yake kuzunguka porini kukagua mizinga ya warina asali, na gari lake halizimiki. Haya, fikirini wenyewe. Anafika porini, analiacha linanguruma na kufuka moshi chini ya mti wenye mizinga saba, anakwenda zake na daftari. Nyuki hawapendi kelele, na moshi wa petroli hawaupendi zaidi. Kila mwisho wa wiki alituletea Bibiye, na kila wiki uso wake ulikuwa na umbo jipya. Siku moja alikuja jicho moja tu ndilo limefunguka, na kwa jicho hilo akamtazama Fundi Saidi akasema pole pole, "Gari hili zuri sana. Nyuki ndiyo mbaya." Hakuwahi kulisema vibaya hata mara moja. Alipopata uhamisho alilipapasa boneti, akaondoka kwa treni.

Akalichukua Stesheni Masta wa Usoke. Huyu alikuwa Mgoa, mtu wa saa ya mfukoni na koti lenye vifungo vya shaba, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuchelewesha treni hata moja, na alikuambia hivyo kabla hujamaliza kumsalimia. Alimwendesha Bibiye kwa ratiba. Jumapili akienda kanisani, mpishi wake alisimama mbele ya nyumba na bendera ya kijani. Bila bendera gari haliondoki. Ibada ilipokuwa ikiendelea, Bibiye alinguruma nje, na padri alilazimika kuhubiri kwa sauti ya juu.

Mwaka wa pili akachoka, akaandika kwa Tajiri kwamba analiuza, atafutiwe mnunuzi, na atumwe fundi wa kulipima. Fundi Saidi alikuwa amefungua injini ya lori, yaani ameitawanya yote mezani, hawezi kutoka. Tajiri akaniita ofisini.

"Zakaria, nenda Usoke wiki mbili. Ukae na gari, ulitazame asubuhi na jioni. Mimi nina mnunuzi, mtu wa dini, mtu wa heshima. Sitaki kumuuzia aibu. Neno lako ndilo nitakalompa. Umeelewa?"

Nikaelewa. Huo ndio ulikuwa uhamisho wangu wa kwanza, nikavimba kichwa. Nilikuwa na sababu ya pili ya kuvimba. Kulikuwa na binti akiitwa Yunisi, wa Sikonge, aliyekuja Tabora kila sikukuu kuimba kwaya. Sauti yake nyembamba, kicheko chake kinene. Alinicheka mara tatu, mara ya tatu nikamwomba Fundi Saidi awe mshenga wangu, anipelekee posa. Baba yake alikuwa Mwalimu Yeremia, mwalimu wa shule ya misheni. Jibu nilikuwa nalingoja.

Usoke nilimpima Bibiye siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu Stesheni Masta akataka kunionyesha mwenyewe jinsi linavyokwenda. Tukazunguka kijijini, tukarudi, linakwenda vizuri, analisifu. Tulipofika pale barabara inapokatiza reli, mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli akatupungia mkono kwa adabu. "Wazima, Bwana Masta?"

Neno lililoniponza mimi langoni likamponza na yeye. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo. Bibiye akanyamaza katikati ya reli.

Na treni ya Kigoma ilikuwa imeshapiga filimbi.

Stesheni Masta alishuka, akavua kofia, akaivaa, akaivua. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikimbia na bendera nyekundu kuisimamisha treni yake mwenyewe. Dereva wa treni akashuka. Abiria wakashuka, akina mama na watoto na mizigo ya samaki, wakamsukuma Bibiye kumtoa relini huku wakiimba. Treni ikachelewa. Stesheni Masta wa watu akaitazama saa yake ya mfukoni, machozi yakamlenga.

"Mpigie Tajiri telegramu," akaniambia. "Sasa hivi. Mwambie gari limezima, limekufa, limekwisha, waje walichukue leo hii! Na uandike kwa ufupi. Maneno matano, na jina lako likiwemo. Waya una kazi ya treni niliyoichelewesha."

Nikachukua karatasi nikaandika, kwa herufi kubwa kama inavyotakiwa: GARI ZIMA KABISA NJOONI ZAKARIA. Maneno matano. Karani wa simu akayagonga. Nikaona nimefanya kazi ya kiume. Nikadandia treni ya mizigo nikarudi zangu Tabora, nikiwaza jinsi nitakavyosimulia.

Sasa tazameni ujinga. Mimi, niliyesababisha neno lile lipigwe marufuku gerejini, ndiye niliyeliandika. Na nililiandika bila kichwa chake. Nilitaka kusema "limezima," nikabana maneno, ile "lime" nikaiacha juu ya meza ya karani. Tajiri alipopokea telegramu, mnunuzi alikuwa kaketi mbele yake na chai mkononi. Tajiri akamsomea kwa sauti: gari zima kabisa, njooni! Wakasimama, wakapeana mikono. Fundi Saidi akapewa ruhusa amsindikize mnunuzi, wakapanda treni ya kwenda Usoke, tukapishana njiani mimi nimelala juu ya magunia. Walipofika, Bibiye alikuwa amepoa, amepumzika kivulini. Akaguswa ufunguo, akaitika kama binti mwenye adabu. Stesheni Masta alikuwa kitandani na homa, hakusema na mtu.

Fundi Saidi aliporudi, kabla sijamsimulia mtu, alinikumbatia, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mwanangu, nimekufanyia mambo mawili kwa safari moja. Gari limeuzwa, na posa inakwenda vizuri. Njia nzima mzee alikuwa ameshika telegramu yako. Anasema, kijana wa maneno machache namna hii ndiye ninayempenda."

"Mzee gani?"

"Mkweo! Mwalimu Yeremia. Kwani hukujua ndiye mnunuzi?"

Nikakaa chini, juu ya debe la oili chafu. Nikamweleza yote. Fundi Saidi akasikiliza, akafuta mikono, akafuta tena. "Basi nyamaza," akasema. "Mungu akipenda, watu wa Sikonge hawasalimiani."

Nilinyamaza, na naona haya kusema nilinyamaza wiki tatu. Nilimpenda Yunisi, niliogopa kumkosa, huo ndio ukweli wote. Wiki ya nne Bibiye alizimika mbele ya shule, siku ya wageni, kisha siku ya harusi akaziba mlango wa kanisa na bwana harusi wa watu akaingilia dirishani. Mwalimu hakutukana, hakuwa mtu wa matusi. Alimwita mshenga wangu, na Fundi Saidi alirudi uso umemshuka.

"Anasema hivi. Jumamosi ijayo wazee wa pande zote wanakutana Gongoni, kwa kaka yake, kutoa jibu la posa. Yeye atakuja kwa baiskeli, ataondoka alfajiri. Wewe uende Sikonge, umlete mama yake Yunisi kwa gari hilohilo uliloliandikia kuwa ni zima. Ukifika naye kabla ya baiskeli, mlango uko wazi. Akikupita njiani umesimama, ugeuze, usifike kwake tena."

Jumamosi ile saa mbili na nusu nilikuwa Sikonge. Yunisi alisimama mlangoni, tayari kutufuata kwa lori la misheni, hakucheka. "Zakaria," akaninong'oneza, "ukinizimikia leo, mimi sijui." Mama yake akatoka, mwanamke mrefu, mwenye kanga mbili mpya, kibuyu kikubwa cha togwa kwa ajili ya wazee, na kikapu cha mayai. Nikageuka upande mara moja.

Niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Kwetu Unyamwezini, tangu posa inapopelekwa, kijana na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawasemeshani hivihivi. Ni heshima. Mwalimu, mtu wa misheni, aliniachia agizo kwamba mila hiyo si amri ya Mungu lakini pia haimkeri Mungu, kwa hiyo mama akae nyuma na macho yangu yawe barabarani, ndiko yanakotakiwa. Vema. Ila barabara ile ilikuwa ya mchanga na mashimo, na mama alikuwa na maoni yake. Akapata njia. Akawa anasema na gari.

"Wewe gari," ikasikika sauti nyuma, "mwambie huyo anayekuendesha mayai yanagongana."

Na mimi nikauambia usukani, "Gari, mwambie mama nimesikia."

"Gari, mwambie hajasikia, maana shimo lingine hilo hapo."

Tukaenda hivyo. Kabla ya saa nne tukampita Mwalimu, amekunja suruali kwa pini, anakanyaga baiskeli mchangani. Akainua kofia. Nikapiga honi. Moyo ukaniambia, Zakaria, umeoa.

Nilisahau kizuizi cha mbung'o. Enzi hizo njia za porini zilikuwa na mageti ya kuzuia mbung'o wasisafiri na magari kuingia mjini. Askari anasimama na wavu wa kitambaa, anakagua kila mlango, ananasa inzi. Huyu wa njia ya Sikonge alikuwa mpya, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Akasimama mbele ya Bibiye, mkono juu.

"Zima!"

"Afande, nakuomba. Hili halizimwi. Kagua hivihivi."

"Amri inasema gari lizimwe. Mbung'o hukimbilia joto la injini. Zima."

"Afande, nina posa leo! Nakusihi kwa jina la mama yako."

"Mama yangu hakuandika amri," akasema, akaingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo mwenyewe. Kisha akakagua kwa utulivu, mlango huu, mlango ule, uvunguni. Akanasa mbung'o mmoja. Akanionyesha, ili nijue kuwa kazi yake haikuwa bure.

Nilipiga hendeli. Nilifungua plagi, nikazifuta, nikazirudisha. Nikapiga hendeli tena mpaka viganja vikachubuka. Nikamwomba afande maji ya kurowesha kitambaa. Mtungi wake ulikuwa mkavu, anamngoja mtu wa kumletea saa sita. Nikatazama nyuma, kule njia inakopinda, nikaisikia ile kengele ya baiskeli kabla sijaiona, kwa mbali, kring, kring. Nikaegemea boneti. Mama mkwe wangu yuko pale, nami nataka kulia mbele yake, na hata kulia mbele ya mkwe pia ni mwiko.

"Wewe gari," ikaja ile sauti. "Muulize huyo kijana, dawa ya ugonjwa wako ni nini?"

"Gari," nikasema, "mwambie mama ni kitambaa kilichoroa. Na hapa hakuna maji."

Nikasikia mlango ukifunguliwa. Nikasikia kanga ikifunguliwa na kizibo cha kibuyu kikitoka, pyu! Nikatazama juu mbinguni, sikugeuka. Kitu kizito kikawekwa kwenye boneti, nyayo zikarudi nyuma. Nilipothubutu kutazama, pale palikuwa na kanga mpya, imelowa togwa ya wazee, inatiririka.

Nikaizungushia ile pampu. Ikafuka mvuke, harufu ya mtama ikajaa pori zima, na inzi wote wa kizuizi wakaja kunisaidia. Betri ilikuwa imekwisha nguvu kwa kujaribu ufunguo, na viganja vyangu havikuweza hendeli tena. Ilibaki kusukumwa. Nikaingia kwenye usukani, nikamwita afande asukume. Peke yake hakuweza.

"Wewe gari," nikamsikia mama, safari hii amefoka, "mwambie huyo afande ashike upande wa kulia, na asinitazame, na asukume kama mtu aliyekula!"

Jamani, mkwe wangu alisukuma gari. Nimefanya kazi miaka mingi, sijaona heshima iliyovunjwa kwa heshima namna ile. Gari likatambaa, nikaachia klachi, Bibiye akakohoa, akakohoa, akaitika. Mama akadandia na kikapu chake mlango ukiwa wazi. Kwenye kioo nikamwona Mwalimu ametokea kwenye kona, amesimamisha baiskeli, mdomo wazi.

Hakutupita. Tulifika Gongoni muda mrefu kabla yake, na hapo uani nilimzima Bibiye kwa mkono wangu mwenyewe. Wazee wakaketi ukumbini, wanawake chumba cha pili nyuma ya pazia. Fundi Saidi alikuja na kanzu yake ya Idi. Mwalimu akaingia kapauka vumbi, akanywa maji, akaketi.

"Sina maneno mengi," akasema. "Nauliza jambo moja. Gari lilizima, au halikuzima?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Gari limefika zima."

Wazee wakatikisa vichwa wakiridhika. Fundi Saidi akanikanyaga mguu, maana yake nyamaza. Na ningeweza kunyamaza. Mama mkwe amekwisha kunifichia aibu. Yunisi, aliyekwisha kufika kwa lori la misheni, yuko nyuma ya pazia lilelile, namsikia anavyopumua. Lakini niliona nikianza nyumba kwa kunyamaza tena, basi nitanyamaza maisha yangu yote. Nikasimama.

"Lilizima, Mwalimu. Lilizima kwenye geti la mbung'o. Togwa yenu imekwenda kwenye pampu, na kanga ya mama imo humo bado. Na telegramu yangu ya Usoke haikusema gari ni zima. Nilitaka kusema limezima, limekufa relini, waje walichukue. Nikafupisha vibaya. Nilipojua kuwa ni wewe uliyelinunua, nikaogopa kumkosa Yunisi, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu."

Mwalimu akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa ile telegramu. Akaisoma. Akavaa miwani, akaisoma tena. Kisha akatoa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia madaftari, akaongeza herufi nne mbele ya ZIMA.

"Kumbe uliniambia ukweli," akasema. "Uliniambia ukweli kwa Kiswahili kibaya." Akanipa karatasi. "Kuandika vile ni kosa la sarufi, na sarufi nitakufundisha. Kunyamaza ni kosa jingine, na hilo umelisahihisha mwenyewe leo, ingawa umechelewa. Binti ni wako. Na gari pia ni lako, ulichukue leo leo, nisilione tena."

Nyuma ya pazia kicheko kinene kikapasuka, na sikuhitaji kuuliza ni cha nani.

Hivyo nikawa mwenyewe wa tano wa Bibiye, na katika wote mimi ndiye niliyemjua kabla sijamchukua, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Baadaye nilifanya kazi Nzega chini ya Bwana Barabara, aliyekuwa hajui gari ila alijua kupiga kelele. Nikafanya Urambo kwenye matrekta ya tumbaku chini ya Meneja aliyeogopa mjusi. Nikarudi Tabora kuwa fundi mkuu, nikikaa kwenye kiti cha Fundi Saidi, Mungu amrehemu, na kuwapiga vibao waliokisia. Bendera ilibadilishwa, magari yakabadilika, spana zikabaki zilezile. Nikiulizwa gari gani lililotumika linafaa kununuliwa, huwa nasema: muulize fundi aliyekaa nalo, na umwache amalize neno.

Siku niliyostaafu watu walikuja kunipongeza nyumbani. Bibiye alikuwa uani juu ya matofali, hana magurudumu, kuku wa Yunisi wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mama mkwe alikuwepo, mkongwe sana sasa, ameletwa kutoka Sikonge. Miaka yote ile hatukuwahi kutazamana wala kusemeshana. Aliomba kiti, akakiweka ubavuni mwa gari, akanipa mgongo, nami nikaketi upande wa pili wa boneti, nikampa mgongo.

"Wewe gari," akasema, sauti imekuwa nyembamba. "Umuulize huyo mwanangu. Kazi imekwisha, sasa yeye mwenyewe, ni mzima?"

Nikatazama mkono wangu wa kulia, ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye ufunguo ambao haupo.

"Gari," nikasema, "mwambie mama bado sijazima. Alinisukuma vizuri."